Sindano ya Ganzi Haina Sababu ya Kuuma Hivyo

Mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino mara nyingi haogopi koleo. Anajua koleo litaingia wakati taya limeshakufa ganzi. Anachokihofia ni kile kinachotangulia: ncha inayozama kwenye ufizi, dawa inayosukumwa kwa nguvu, na ule moto unaowaka kabla mdomo haujawa mzito. Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima aliyejikata na panga akasubiri kushonwa, kwa kijana aliyelala kitandani akisubiri kutahiriwa, na kwa mama anayeshonwa msamba baada ya kujifungua. Kwa wote hao, dawa iliyotengenezwa kuondoa maumivu huanza kwa kuyaleta. Jambo hili tumelizoea mno, hata hatulihoji tena. Lakini njia za kupunguza maumivu hayo zimejulikana kwa miongo kadhaa, zimepimwa kwa wagonjwa, na nyingi hazihitaji hata shilingi. Kwa hiyo sindano ya ganzi inayomfanya mtu mzima aume meno ihesabiwe kuwa kasoro ya huduma, kama inavyohesabiwa bandeji iliyofungwa vibaya au kipimo kilichochelewa.

Maumivu haya hayana chanzo kimoja. Kuna mchomo wa ncha inayotoboa ngozi, kuna ukali wa dawa yenyewe, na kuna kutanuka kwa nyama pale dawa inapoingizwa kwa kasi mahali pasipo na nafasi. Watu wengi hulaumu mchomo, kwa sababu ndio unaoonekana. Mchomo wenyewe, hata hivyo, huisha mara moja. Kinachounguza baada ya hapo ni dawa, na kinachobana ni kidole gumba cha anayeisukuma. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa kuwa mchomo hatuwezi kuufuta kabisa, ila hayo mawili mengine yamo mikononi mwa mtoa huduma.

Kwa nini dawa inaunguza? Ganzi ya sehemu ya mwili ilianza kutumika mwaka 1884, pale Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, alipoonyesha kwamba matone ya kokeini yanaweza kulifisha jicho ganzi likapasuliwa mgonjwa akiwa macho. Kokeini ilikuwa na madhara yake, na watafiti wakaendelea kutafuta mbadala mpaka mwaka 1943, Nils Löfgren na mwenzake Bengt Lundqvist walipotengeneza lidokeini huko Sweden. Dawa hiyo iliingia sokoni mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi. Hapa kwetu vichupa vingine bado vinaandikwa lignokeini. Lidokeini tupu haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo huandaliwa kama chumvi yenye tindikali kidogo. Inapochanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu ili dawa ikae mahali pake na jeraha lisivuje sana, tindikali huongezwa zaidi, maana adrenalini huharibika upesi isipolindwa hivyo. Matokeo yake ni kwamba, wakati mwili wetu una pH (kipimo cha tindikali) ya 7.4, kichupa cha lidokeini yenye adrenalini kinaweza kuwa na pH ya karibu 4. Katika kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, hivyo dawa hiyo ina tindikali zaidi ya mara 1,000 ya ile ya nyama inayoingizwa. Tindikali hiyo iliwekwa kwa faida ya kichupa, ili kidumu kwenye rafu ya stoo ya dawa. Mgonjwa hana anachofaidika nayo.

Dawa ya tindikali inajulikana hata na mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuingia maabara: unaweka alkali. Katika hospitali alkali hiyo ni sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4, na kiasi kinachotumika ni mililita 1 kwa kila mililita 10 za lidokeini ya asilimia 1. Mwaka 2010 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kuchuja majaribio ya tiba duniani, ulichapisha mapitio ya majaribio yaliyolinganisha lidokeini ya kawaida na ile iliyopunguzwa tindikali. Iliyopunguzwa tindikali iliuma pungufu kuliko ile ya kawaida, na nafuu ilikuwa kubwa hasa pale dawa ilipokuwa na adrenalini. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Chembe za lidokeini hupenya kwenye neva zikiwa hazina chaji ya umeme, na katika tindikali ni chache tu zinazokuwa katika hali hiyo. Ukiituliza tindikali, zinazopenya haraka zinaongezeka, na ganzi inaweza kushika mapema. Lidokeini na baikaboneti zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hatuzungumzii kitu cha kuagizwa kwa meli kutoka ng'ambo.

Hapa mtaalamu wa dawa atainua mkono, na ana haki. Mchanganyiko huu haukai: adrenalini iliyotolewa kwenye tindikali yake huanza kupoteza nguvu, hivyo uchanganywe karibu na wakati wa kutumia na usiachwe mezani kwa ajili ya kesho kutwa. Tena hesabu ya moja kwa kumi ni ya lidokeini. Ukiihamishia kwa bupivakeini, dawa ya ganzi inayodumu muda mrefu, unaweza kuona chembe nyeupe zikijitenga ndani ya bomba, na dawa ya namna hiyo haidungwi. Katika zahanati yenye mtumishi mmoja anayefanya kila kitu, kuongeza kichupa cha pili mezani ni kuongeza nafasi ya kukosea. Pingamizi hilo nalikubali. Linanifanya niseme kwamba baikaboneti inafaa kuanzia kwenye hospitali na vituo vya afya vyenye utaratibu wa kuandika majina kwenye mabomba, na kwamba zahanati ianze na yale yasiyohitaji kuchanganya chochote.

Na hayo ndiyo mengi. Joto ni mojawapo. Mwaka 2011 jarida la Annals of Emergency Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio kadhaa uliokuta kwamba lidokeini iliyopashwa moto kufikia joto la mwili iliuma pungufu, kwa wastani wa milimita 11 kwenye mstari wa milimita 100 ambao mgonjwa huweka alama kuonyesha ameumia kiasi gani. Kichupa kilichokaa kwenye rafu Dar es Salaam mwezi Januari kimeshafika karibu na hapo bila msaada wa mtu. Cha Njombe asubuhi ya Julai, au kilichotoka kwenye friji popote pale, kinahitaji kushikwa kiganjani kwanza. Ukubwa wa sindano ni jambo lingine. Bomba la mililita 5 au 10 kwa kawaida huja na sindano namba 21, yenye unene wa karibu milimita 0.8. Hiyo ni nzuri kwa kuvutia dawa kutoka kwenye kichupa, na mbaya kwa kumdungia mtu. Namba 27 ni nusu ya unene huo, na namba 30 ni milimita 0.3 tu. Kubadilisha sindano baada ya kuvuta dawa huchukua muda wa kufungua kipakiti. Sindano nyembamba ina zawadi ya ziada: dawa haipiti kwa kasi hata ukiwa na haraka.

Kasi ndiyo kiini cha mambo. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walilinganisha mambo mawili kwa pamoja, yaani kupunguza tindikali na kudunga polepole, na wakakuta kwamba mwendo wa kudunga ulikuwa na uzito zaidi kuliko tindikali. Kati ya hayo mawili, lililo na nguvu zaidi ndilo lisilonunuliwa popote. Madaktari wa meno hufundishwa kudunga takriban mililita 1 kwa dakika moja. Katriji ya meno ina mililita 1.8, hivyo katriji nzima inapaswa kuchukua karibu dakika mbili. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho ajiulize yake ilichukua muda gani.

Mtu makini anaweza kusema kwamba takwimu hizi ni ndogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wagonjwa wa dharura ulionyesha kwamba mtu huanza kuona tofauti yenye maana pale maumivu yanapobadilika kwa takriban milimita 13 kwenye mstari ule ule. Kupasha dawa moto kunapunguza 11. Kwa hesabu hiyo, njia hiyo peke yake haifiki hata kizingiti. Pingamizi hili ni zito, na ndilo linalowafanya wengi waone kwamba mambo haya ni ya kitabuni. Lakini linasahau kwamba vyanzo vya maumivu ni zaidi ya kimoja. Anayepasha dawa moto kisha akaisukuma kwa nguvu kupitia sindano nene amefunga mlango mmoja na kuacha miwili wazi. Swali linalostahili kuulizwa ni nini kinatokea njia hizi zinapotumika zote kwa mgonjwa mmoja.

Jibu bora ninalolijua limetoka Kanada. Donald Lalonde, daktari wa upasuaji wa mikono katika mji wa Saint John, amejenga kazi yake juu ya kupasua mkono mgonjwa akiwa macho, kwa lidokeini na adrenalini tu, bila dawa ya usingizi na bila kufunga mkanda wa kuzuia damu. Njia hiyo isingewezekana kama wagonjwa wangekuwa wanapiga kelele wakati wa sindano, kwa hiyo yeye na wenzake walilazimika kuichunguza sindano yenyewe hatua kwa hatua. Ngozi hukamatwa na kuinuliwa kidogo kwa vidole, maana mguso na shinikizo hushindana na maumivu kwenye njia ya kwenda kwenye ubongo, jambo lililoelezwa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965. Sindano nyembamba huingia wima, si kwa kulala, ili ipite kwenye neva chache za ngozi. Bomba hushikwa kwa mikono miwili, kidole gumba kikiwa tayari, ili ncha isitikisike. Matone ya kwanza, kama nusu mililita hivi, huingizwa chini tu ya ngozi, halafu mtoa huduma anatulia. Anamwuliza mgonjwa kama bado anasikia ncha. Akijibu kwamba imepotea, dawa inaendelea kuingia taratibu, nayo hutangulia sindano wakati wote: ncha haisogei mbele mpaka uvimbe wa dawa uwe umeshafika huko. Ikibidi kutoboa tena, hutobolewa mahali palipokwisha kufa ganzi.

Mbinu hiyo wamewahi kuifundisha kwa wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, 25 kwa jumla, kisha wagonjwa wenyewe wakawapa alama kwa kuhesabu mara ngapi walisikia maumivu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: takriban robo tatu ya wagonjwa walisikia mchomo wa kwanza tu, basi. Waliodunga walikuwa wanaojifunza. Hilo linafuta ile dhana kwamba kuna watu waliozaliwa na mkono mwepesi na wengine mkono mzito. Pia mgonjwa kutoa alama ni jambo la kuigwa, kwa kuwa hapa kwetu mtoa huduma anaweza kudunga miaka ishirini bila kuambiwa hata mara moja anadunga vipi.

Kwa majeraha kuna kanuni nyingine rahisi: dawa iingizwe kupitia kingo za jeraha lililo wazi, ndani yake, badala ya kutoboa ngozi nzima pembeni. Majaribio yameonyesha kwamba njia hiyo huuma pungufu kwa jeraha safi. Ajabu ni kwamba wengi hufanya kinyume.

Kisha kuna maneno. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Boston lililohusisha wajawazito 140 waliokuwa wakisubiri ganzi ya mgongoni. Kabla ya sindano ndogo ya kwanza, kundi moja liliambiwa kwamba dawa itafisha ganzi sehemu hiyo na watakuwa na nafuu wakati wa kazi yenyewe. Kundi la pili liliambiwa wajiandae kwa mchomo kama wa nyuki mkubwa, na kwamba hapo ndipo penye ubaya kuliko pote. Sindano ilikuwa ile ile. Katika kipimo cha sifuri mpaka kumi, kundi la kwanza lilitoa maumivu alama ya kati 3, la pili 5. Sasa sikiliza yanayosemwa katika vyumba vyetu: jikaze, utasikia kama siafu, usitikisike nisije nikakuumiza. Nyumbani mtoto ameshatishwa kwamba akilia daktari atamchoma sindano. Wapo wanaokwenda upande wa pili na kumwambia mtoto kwamba haiumi hata kidogo, naye akigundua uongo hamwamini tena mtu mwenye koti jeupe. Wale wanawake wa Boston hawakudanganywa. Waliambiwa dawa inafanya nini, na hilo lilitosha.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la muda. Foleni ni ndefu, muuguzi ni mmoja, na huyu mwandishi anataka kila sindano ichukue dakika mbili. Lakini ganzi yenyewe inahitaji muda ili ishike, na adrenalini inahitaji zaidi. Anayedunga kwa sekunde kumi na kuanza kushona papo hapo hajaokoa muda. Amemfanya mgonjwa asikie sindano na uzi vyote viwili, kisha atalazimika kuongeza dawa huku mgonjwa akijivuta. Foleni, ikitumiwa kwa akili, ni msaada. Mgonjwa wa pili adungwe taratibu, akae kwenye benchi mahali anapoonekana, wakati wa kwanza anashonwa. Lalonde na wenzake hufanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa adrenalini hufikia kilele cha kazi yake baada ya karibu nusu saa.

Kuna pia wanaosema kwamba maumivu ni ya kitambo, na kwamba mtu mzima, hasa mwanamume, anapaswa kuvumilia. Katika jamii zetu nyingi jando lilikuwa na nafasi yake, na kijana kutopepesa macho kulikuwa na maana mbele ya wazee na rika lake. Sina ugomvi na hilo. Lakini aliyekuja kituo cha afya amechagua njia ya ganzi, na hakuna mzee anayepima ujasiri wake kwa gego lililooza. Tangu Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipopendekeza tohara ya hiari mwaka 2007 kama njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya VVU kwa wanaume, makumi ya mamilioni wametahiriwa Mashariki na Kusini mwa Afrika, wakiwemo wa Nyanza kule Kenya na wa mikoa kama Iringa, Njombe na Tabora kwetu Tanzania, na kazi kubwa imefanywa na matabibu na wauguzi kwa kutumia lidokeini. Kijana akitoka pale akiwasimulia wenzake jinsi sindano ilivyomchoma mahali pale, hiyo ndiyo taarifa watakayoifanyia kazi. Watafiti nchini Kenya wameliona hilo. Wamejaribu hata krimu ya ganzi badala ya sindano kwa tohara ya kifaa cha ShangRing.

Mipaka ipo, na ni vizuri isemwe. Jipu au jino lenye usaha lina tindikali yake lenyewe, na ganzi hushika kwa shida hata idungwe kwa ustadi gani. Kaakaa limegandamana na mfupa kiasi kwamba dawa haina pa kutanukia. Pale inasaidia kukandamiza kwa nguvu kwanza kwa pamba au mpini wa kioo cha daktari wa meno, na bado itauma kiasi. Krimu za ganzi hutaka takriban saa moja kabla ya kufanya kazi, na bei yake inazifanya zisifae kwa kila mtu. Hakuna lolote kati ya haya linalotetea sindano nene iliyosukumwa kwa haraka kwenye kidole kisicho na usaha wala haraka yoyote.

Kwa wakuu wa vyuo vya afya, ombi ni dogo: mwanafunzi asipitishwe kwa kuchagua dawa sahihi na kiasi sahihi tu, apimwe pia kwa namna anavyodunga, na mgonjwa aulizwe. Kwa waganga wafawidhi, sindano nyembamba ziwekwe kwenye trei ya kushonea, zisibaki kliniki ya kisukari peke yake. Na wewe msomaji, utakapokaa kwenye kiti cha daktari wa meno au kulala kwenye kitanda cha kushonwa, mwambie kabla hajaanza: naomba unidunge polepole, na tusubiri ishike. Mwambie pia kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, au kama dawa ya ganzi iliwahi kukudhuru, maana hayo ndiyo yanayoamua achukue kichupa chenye adrenalini au kisicho nayo.